Saint Petersburg kwa wikiendi: mkienda wawili, mchana kila mtu ashike njia yake

Mkulima Msomi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila akitokea mtu humu kuuliza kama Saint Petersburg inatosha kwa wikiendi, majibu ni yale yale: haitoshi, kaa wiki nzima. Nakuja kupinga. Inatosha, ila kwa sharti ambalo wengi hawalipendi: kama mmeenda wawili, msiongozane mchana kutwa. Asubuhi mnywe chai pamoja, kisha kila mtu ashike njia yake, usiku mkutane. Twende taratibu.

Mimi nipo Moscow, nasoma shahada ya pili ya kilimo. Rafiki yangu nitamwita Sele. Tulisoma wote sekondari Dodoma, baadaye akaenda Muscat kwa wajomba zake na sasa ana pasi ya Oman, kwa hiyo habari ya viza kwake haikuwa na mlolongo. Juni iliyopita alipata likizo fupi kazini, akanipigia: "Nasikia huko kuna mji jua halizami. Nataka nikauone kabla sijaoa." Nikamwambia jua linazama, ila linachelewa kuzama na linawahi kurudi. Mwishoni mwa Juni linazama karibu saa nne na nusu usiku, linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na hapo katikati giza halishiki. Wenyewe wanauita usiku mweupe. Na mji wenyewe mitaani wanauita Piter, msishangae nikiandika hivyo.

Kutoka Moscow ni kama kilomita 650. Kuna Sapsan, treni ya kasi, saa nne hivi umefika. Sele aliitaka hiyo. Mimi nikashikilia treni ya usiku, behewa la platskart, maana unaokoa malazi ya usiku mmoja na unaamkia mjini. Platskart ni behewa wazi lisilo na vyumba, vitanda 54, juu na chini, na vingine vimepangwa ubavuni mwa njia. Mtu mrefu kama Sele miguu inachungulia njiani, kila anayeenda chooni anaigonga. Lakini kuna birika kubwa la maji ya moto mwisho wa behewa saa zote, na mama anayesimamia behewa anakuletea chai kwenye glasi iliyovalishwa kishikio cha chuma. Jirani yetu, bibi mmoja wa makamo, alimenya mayai ya kuchemsha akatugawia bila hata kutuuliza majina. Aliposikia Tanzania akatulia tu. Sele alipotaja Zanzibar, bibi akachangamka, kumbe mwanawe alishaenda kupumzika Nungwi.

Naendelea, msijibu kwanza.

Fundi Saa

Nimeweka kiti hapa.

Kijukuu cha Mwinyi

Platskart naijua mimi. Ukipata kitanda cha karibu na choo, siku hiyo umelaaniwa.

Mkulima Msomi

Tulifika Ijumaa asubuhi, stesheni ya Moskovsky. Ukitoka nje uko moja kwa moja barabara ya Nevsky, ile ndefu inayokata katikati ya mji mpaka karibu na mto Neva, kilomita kama nne na nusu. Tukaweka mabegi hosteli, tukaenda Ijumaa msikitini. Hilo tulilifanya pamoja, na ndilo la kwanza ningemwambia Mwislamu yeyote anayekwenda Piter asiliache.

Msikiti uko karibu na kituo cha metro cha Gorkovskaya, ng'ambo ya ngome ya zamani ya Peter na Paul. Kuta ni za mawe ya kijivu, mazito, yanaendana na mji wa baridi. Halafu unainua macho unakuta kuba na minara miwili imevishwa vigae vya bluu ya feruzi, kama umehamishiwa Samarkand, ule mji wa kale wa Uzbekistani. Na ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu kuba limeigwa kaburi la Timur, mtawala wa zamani, kule Samarkand. Ulifunguliwa 1913, wakati ukoo wa Romanov, wafalme wa Urusi, unaadhimisha miaka 300 ya utawala, na Amiri wa Bukhara alitoa fedha nyingi. Mwaka 1940 ulifungwa ukageuzwa ghala, ukarudishwa kwa waumini 1956.

Ijumaa pale ni Watatari, Wauzbeki, Watajiki, watu wa Dagestan, na sisi weusi wachache. Sele alikuwa na swali lililomsumbua tangu Muscat: kama wekundu wa magharibi hauishi kabisa kabla alfajiri haijaanza kupambazuka, isha inaswaliwa saa ngapi? Kijana mmoja akamwonyesha ratiba iliyobandikwa. Msikiti umeshapanga saa zake, unafuata, mjadala umekwisha. Sele akaipiga picha akamtumia baba yake mdogo, na nadhani huko Muscat mpaka leo wanaijadili.

Baada ya hapo tukala plov ya Kiuzbeki. Hiyo ni pilau jamani, mchele umepikwa na nyama ya kondoo na karoti, bizari kidogo tu na viungo vichache kuliko tulivyozoea. Usiende Urusi ukahangaika na halali, fuata wapishi wa Uzbekistani.

mamaLishe wa Ilala

Bizari kidogo ndiyo nini? Pilau bila viungo ni wali mwekundu 😂 endelea mwanangu.

Mkulima Msomi

Haya, sasa ndiyo hoja yenyewe.

Ijumaa jioni tulianza kugombana. Sele ni mtu wa makumbusho, anasoma kila kibandiko mpaka mwisho. Mimi nikikaa ndani ya jumba zaidi ya saa mbili miguu inawaka, nataka mitaa, nataka soko, nataka kuona watu wanakula nini. Tulishaona tunakokwenda: yeye ananisubirisha, mimi namharakisha, wote tunarudi hosteli tumenuna. Nikamwambia, kesho tutengane. Akasema, nimesafiri kutoka Uarabuni nije nitembee peke yangu? Nikamwambia saa tano usiku tutakuwa pamoja mpaka alfajiri, hapa usiku wenyewe ni mchana.

Jumamosi yeye akaenda Hermitage, lile jumba kubwa la makumbusho. Mimi nikaenda kwenye jengo ambalo mtalii hana sababu ya kulitafuta.

Waliosoma kilimo wanamjua Nikolai Vavilov. Huyu ndiye aliyezunguka dunia kukusanya mbegu ili ajue kila zao lilianzia wapi. Mwaka 1927 alikuwa Ethiopia na Eritrea akikusanya ngano. Taasisi yake ipo mpaka leo, majengo mawili yanayotazamana kwenye uwanja wa Mtakatifu Isaka, watu wanapita wanapiga picha kanisa bila kujua wameyapa mgongo.

Wajerumani waliuzingira mji huu, wakati ule ukiitwa Leningrad, kuanzia Septemba 8, 1941 mpaka Januari 27, 1944. Siku 872. Majira ya baridi ya kwanza mgawo wa mkate kwa asiye mfanyakazi wa kiwandani ulishuka mpaka gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyolika. Sasa fikiria ndani ya taasisi ile kuna mchele, kuna mahindi, kuna ngano, kuna karanga, kuna kunde za kila nchi, tani kwa tani. Na wanaozilinda wana njaa. Hawakuzila. Dmitri Ivanov, msimamizi wa mchele, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na vifurushi vya mchele. Alexander Shchukin, wa karanga, alifia mezani kwake kazini. Na sio hao tu. Walikuwa wanafukuza panya, wanazuia mbegu zisigande, wanakufa mmoja mmoja.

Na Vavilov mwenyewe hakuwapo. Alikamatwa 1940 na dola yake mwenyewe, kwa sababu ya siasa za sayansi za enzi za Stalin, akafa gerezani Saratov Januari 1943, naye kwa mateso ya njaa. Mtu aliyetaka kuimaliza njaa duniani.

Mimi nimekulia kwenye karanga. Bibi yangu Kondoa alikuwa na debe la mbegu juu ya dari jikoni, na mwaka wa njaa tulikatazwa hata kulitazama. Nilisimama nje ya lile jengo muda mrefu. Watalii hawaingii, hakuna kiingilio, hakuna duka la zawadi. Sele angekuwepo angeniuliza "tunatazama nini?" baada ya dakika tatu, na angekuwa na haki.

Halafu nikageuka kutazama uwanja wenyewe. Kuna picha maarufu ya 1942, uwanja huu huu umelimwa kabichi mbele ya kanisa. Leo ni majani na maua. Kanisa lenyewe linapandika, ngazi kama 260 mpaka kwenye nguzo za juu, mji wote unauona: bati za kijani na nyekundu, mifereji, mto mpana. Ujenzi wake ulianza 1818 ukaisha 1858. Nikashuka, nikatembea Nevsky mpaka nyumba namba 14, ukutani kuna maandishi meupe juu ya bluu yaliyobaki tangu vita: wananchi, mizinga ikipigwa upande huu wa barabara ndio wa hatari zaidi. Huwa kuna maua chini yake.

Njaa iliponikumbusha nikaingia mtaa wa Bolshaya Konyushennaya kula pyshki. Ni maandazi haya haya yenye tundu katikati, yanamwagiwa sukari ya unga, na kahawa ya maziwa iliyoshatiwa sukari mpaka basi. Duka liko hapo tangu 1958. Foleni inatoka mpaka nje, bei ni ya mwanafunzi.

Kisima Kirefu

Mkuu uzi mtamu lakini niulize bila kupaka rangi. Nchi ipo vitani, inapiga mabomu jirani yake, nyie mnaenda kula maandazi na kutusimulia mbegu. Hamuoni haya?

Mkulima Msomi

Kisima, swali ni halali. Mimi nipo hapa kwa masomo, sikuja kwa vita wala sitaipigia debe. Vita ipo na inaonekana: mabango ya kuandikisha wanajeshi yako barabarani yakiwa na kiasi cha fedha kwa herufi kubwa. Kusimama mbele ya maandishi ya Nevsky 14 huku unajua kuna miji mingine leo watu wanaambiwa wajifiche upande gani, hilo si jambo la kuliruka. Anayeona asiende, asiende. Sitabishana naye.

DadaNai

Niko Nairobi. Naomba niongeze hapo kwenye mabango, maana kuna vijana wanasoma huu uzi kwa sababu nyingine kabisa. Mtu akikuambia kuna kazi Urusi, ya ulinzi, ya udereva, ya usafi, tiketi amelipa yeye na viza ataleta yeye, simama hapo hapo. Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingizwa kwenye vita hiyo. Wengine walisaini karatasi za Kirusi wasizozielewa. Na wasichana wanatafutwa kivyao: shirika la habari la AP liliandika Oktoba 2024 kuhusu wasichana wa Kiafrika waliopelekwa Alabuga, huko jimbo la Tatarstan, Urusi, wakiahidiwa kazi na mafunzo, wakajikuta wanaunganisha droni. Utalii ni utalii, kazi ni jambo lingine.

Chuma cha Reli

Dada umeongea. Na sisi Tanzania tusijifanye wageni wa jambo hili. Kuna kijana wetu alikwenda kusoma, akafungwa huko, akachukuliwa jela kupelekwa vitani, akafia Ukraine 2022. Mwili ulirudi Januari 2023. Habari zake tulizisoma sote.

Mkulima Msomi

Kweli tupu. Asanteni wote wawili. Mwenye ofa ya kazi aulize ubalozi kabla hajaaga nyumbani.

Mzee wa Leningrad

Vijana, nawasoma kimya tangu asubuhi. Mimi nilisoma uhandisi hapo miaka ya 80, jina likiwa bado Leningrad. Naona majina yake yanawachanganya wengine: ulianzishwa na mfalme Peter Mkuu 1703 kama Saint Petersburg, 1914 ukawa Petrograd, 1924 Leningrad, na 1991 wananchi walipiga kura ukarudi jina la kwanza.

Habari ya msikiti, enzi zetu tuliambiwa kwamba ni Rais Sukarno wa Indonesia aliyeuona umefungwa akamuuliza Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, ndipo ukafunguliwa. Wazee wa Kitatari waliisimulia kwa raha sana, tarehe zake sijawahi kuzifuatilia.

Nilitaka hasa kumsahihisha mleta uzi kuhusu kutembea peke yako. Sisi tulikuwa tunatembea bila wasiwasi. Baadaye mji uliharibika. Miaka ya 2000 vijana wa vichwa vipara walikuwa wanavamia Waafrika. Aprili 2006 mwanafunzi wa Senegal alipigwa risasi akauawa akitoka kwenye burudani na wenzake. Kwa hiyo mtu mweusi kumwambia mweusi mwenzake "kila mtu ashike njia yake", kwa rika letu inashtua kidogo.

Mkulima Msomi

Shikamoo mzee wangu. Umenifundisha.

Hali ninayoiona sasa siyo ile, ingawa siwezi kusema ubaguzi umekwisha. Tulitazamwa sana, hasa na watoto na wazee. Kuna mtu alimwomba Sele wapige picha pamoja, akakubali kwa hisani, ikageuka foleni. Polisi wa metro walituomba hati, wakazitazama, wakaturudishia. Kanuni zangu ni hizi: pasi halisi mfukoni na si picha kwenye simu, hapana kupita vichochoro vya walevi usiku, na mkitengana kila baada ya saa mbili mtu anatuma ujumbe. Tulifanya hivyo.

Mzee wa Leningrad

Marahaba. Hapo sawa. Na mashairi je? Mmefika Moika 12?

Mkulima Msomi

Tulipita nje mzee, kulikuwa kumefungwa. Waelezee wadau.

Mzee wa Leningrad

Moika 12 ndipo alipofia Pushkin mwaka 1837, baada ya kupigwa risasi kwenye pambano la bastola la watu wawili. Mshairi mkuu wa Warusi, kila mtoto wa shule anamkariri. Babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal. Aliletwa mtoto mdogo kutoka Istanbul, alikouzwa, Peter Mkuu akawa baba yake wa ubatizo na kumlea, akamsomesha uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akafikia ujenerali. Wengine wanasema asili yake ni pande za Ethiopia na Eritrea, wengine wanasema karibu na Ziwa Chad. Pushkin hakuificha damu hiyo, aliiandika. Profesa wetu wa hesabu alikuwa akiona Mwafrika anasinzia darasani anasema, "Mjukuu wa Gannibal, amka."

Kijukuu cha Mwinyi

Huyu mzee afunguliwe uzi wake.

Sijui Kitu

Hii ni chai. Mtu anakwenda Piter haingii Hermitage? Weka picha.

Mkulima Msomi

Aliingia Sele, na usiku akanisimulia mpaka nikaona kama niliingia. Hapo ndipo penye utamu wa kutengana.

Saa tano usiku tulikutana kwenye uwanja wa Ikulu, mwanga ukiwa kama wa saa kumi na mbili jioni kwetu. Tukatembea kwenda mtoni. Kuanzia masika mpaka mwishoni mwa vuli madaraja ya Neva hufunguliwa usiku ili meli kubwa zipite. Daraja la Ikulu huanza baada ya saa saba usiku. Watu wanajaa ukingoni, wengine wana magitaa, vyombo vya kubeba watalii vimesimama majini vinasubiri. Lami inakatika katikati, na mabawa mawili ya daraja yanainuka taratibu pamoja na nguzo zake za taa na alama za barabara. Kati ya mabawa unauona mnara mwembamba wa dhahabu wa ngome ya Peter na Paul, mita 122. Watu wakapiga makofi.

Tulikaa pale ukingoni mpaka jua likarudi, tunapeana habari. Sele akaniambia malkia Catherine wa Pili ndiye aliyeanza ule mkusanyiko 1764, na sasa una vitu zaidi ya milioni tatu, kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba atauona wote. Yeye alichagua: ngazi ya Jordan ya marumaru na dhahabu, saa ya tausi, michoro miwili ya Leonardo da Vinci ya mama na mtoto, halafu akakaa kwa Rembrandt, mchoro wa mwana mpotevu amepiga magoti mbele ya baba yake mzee, soli ya kiatu imeisha. Huko alikaa sana. Baba yake Sele alifariki wakati yeye yuko Muscat, hakuwahi mazishi. Hakusema zaidi na mimi sikumuuliza.

Akaniambia jingine lililonifunga mdomo. Vita ilipoanza, michoro ilipelekwa kwa treni mpaka mji wa Sverdlovsk, mbali huko Urali, viunzi vikabaki ukutani vitupu. Wakati wa kuzingirwa askari walikuja kusaidia kusafisha jumba, na mwongozaji mmoja akawatembeza kwenye viunzi hivyo vitupu, akiwaeleza hapa palikuwa na mchoro gani, rangi gani, mkono umeelekea wapi. Nami nikampa zangu za mchele na karanga. Tungekuwa wote mchana kutwa tungebaki kuulizana "tunakula wapi".

Na wale paka wa ghorofa ya chini, waliowekwa kwa ajili ya panya tangu enzi za wafalme, hakuwaona. Alisikitika kuliko kukosa chochote.

Fundi Saa

Mkuu, hayo madaraja yakifunguka na wewe hosteli iko ng'ambo?

Mkulima Msomi

Unalala ukingoni, Fundi 😄 Metro inafungwa karibu na saa sita usiku, madaraja ya katikati yanabaki yameinuliwa mpaka karibu alfajiri. Kuna njia ya kulipia ya ZSD upande wa bahari na daraja la Obukhovsky mbali upande wa kusini-mashariki, hayo hayafunguki, lakini teksi itakuzungusha nusu ya mji na bei itakuamsha. Chukua malazi upande wa Nevsky, uliko uwanja wa Ikulu.

Bi Mkunga

Mimi ni mwanamke, nafikiria kwenda na shoga yangu mwakani. Nipe mambo ya msingi: pesa, simu, karatasi.

Mkulima Msomi

Dada, pesa kwanza. Visa na Mastercard zilisimamisha huduma Machi 2022, kadi ya benki ya Tanzania au Kenya huko ni plastiki tu. Beba dola taslimu, noti mpya zisizokunjwa wala kuandikwa. Sele alikataliwa noti benki moja kwa sababu ya kimhuri kidogo pembeni. Mwaka jana dola ilikuwa inacheza karibu na ruble 80. Chakula tafuta stolovaya, yaani kantini: unasukuma sinia, unaonyesha kidole, unashiba chini ya ruble 500. Supu ya borsch, uji wa buckwheat, samaki, juisi ya matunda. Wakati wa mchana siku za kazi mikahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei ya pamoja, wahi hicho.

Simu: mgeni kupata laini siku hizi kuna mpaka kusajili alama za mwili, kwa wikiendi haina maana. Pakua ramani zinazofanya kazi bila intaneti kabla ya kutoka hotelini, kwa sababu intaneti ya simu wakati mwingine hukatwa mji mzima kwa hofu ya droni. Kwa hofu hiyo hiyo viwanja vya ndege hufungwa ghafla, kwa hiyo usipange ndege ya kurudi nyumbani ifuatane sana na ndege ya ndani. Treni ni salama zaidi kwa ratiba.

Karatasi: hoteli yenye leseni inakusajili yenyewe kwa mamlaka za uhamiaji. Chumba cha mtu binafsi, hakikisha mwenyewe anakubali kukusajili, siyo "usijali". Na wanafunzi wenzangu mlioko huku, ukitoka na ukirudi taarifu chuo. Wengi wanapata taabu hapo.

Hermitage hufungwa Jumatatu. Tiketi nunueni mtandaoni mapema.

Bi Mkunga

Asante sana kaka. Na Peterhof, ile bustani ya wafalme yenye chemchemi, umeiruka?

Mkulima Msomi

Jumapili, hiyo tulienda wote, maana huko hakuna cha kugombania. Kuna boti ya kasi inaitwa Meteor kutoka ukingoni karibu na Hermitage, inateleza juu ya maji ya Ghuba ya Ufini, au panda treni ya kawaida na basi kwa bei ndogo. Chemchemi hufanya kazi kuanzia mwisho wa Aprili hivi mpaka Oktoba. Saa tano asubuhi wanafungulia na muziki. Ile kubwa katikati ni Samsoni anampasua simba kinywa, maji yanaruka mita 20 na zaidi. Ni ushindi wa Peter Mkuu dhidi ya Waswidi kwenye vita vya Poltava 1709. Mimi niliyependa ni maji yenyewe: hakuna pampu, yanateremka kwa uzito wake kutoka vilima vya Ropsha kwa mifereji, mpango wa karne ya 18. Pale wahandisi wetu wa umwagiliaji wangepelekwa wote. Sanamu ya Samsoni ya zamani ilipotea wakati wa vita, iliyopo imewekwa 1947.

Kuna vichemchemi vya utani vinavyorusha maji ukikanyaga jiwe. Sele, mtu mzima, alikaa hapo na watoto mpaka shati likalowa.

Sele wa Muscat

Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndiye Sele. Shati halikulowa lote.

Kutengana nilikataa, sasa nakubali, hilo nampa. Lakini amewaficha kwamba mwenzenu anakoroma. Behewa la vitanda 54 lilimjua. Na hajawaambia kwamba Kunstkamera, makumbusho aliyoanzisha Peter Mkuu 1714, ina chumba cha vitu vya Afrika, nikamwambia twende, akasema miguu inawaka.

Mkulima Msomi

Iliwaka kweli.

Chuma cha Reli

Na majira ya baridi vipi? Likizo yangu inaangukia Desemba.

Mzee wa Leningrad

Desemba mwanangu mchana ni kama saa sita tu, na jua lenyewe liko chini, kama halipo. Madaraja hayafunguki, chemchemi zimefungwa. Lakini makumbusho hayana foleni, mifereji imeganda, na ukumbi wa Mariinsky umepamba moto kwa dansi ya ballet. Buti nunua huko huko. Za kwetu soli inakuwa ngumu kwa baridi halafu inapasuka, na barafu haina huruma na kiuno.

Sele wa Muscat

Sisi mwakani ni Kazan, tumekubaliana. Ila platskart sipandi tena. Nataka Sapsan.

Mkulima Msomi

Sapsan haiendi Kazan.

Sele wa Muscat

Basi ndege.

Mkulima Msomi

Nauli unalipa wewe.